Loketi Namba Saba

Kitu cha kuchezea cha bati hufungwa kwa vikucha. Ni vipande vidogo vya bati lenyewe, vinapita kwenye tundu halafu vinakunjwa. Ukikinyoosha kikucha mara ya kwanza, kinakubali. Mara ya pili kinalalamika. Mara ya tatu kinakatika, na hapo hata uwe fundi wa namna gani umekwisha. Nimeshona viatu Eldoret, nimepiga kengele ya shule Kakamega, nimelinda mahindi ya watu Naitiri, na shule yenyewe nilisoma vipande vipande, darasa hili mji huu, darasa lile mji ule. Lakini sijaona kazi inayomtesa mzee kama hii ya kunyoosha vikucha.

Aliyeniingiza ni Mwalimu Chepkemei. Miaka minne iliyopita alinikuta Matisi, hapa Kitale, nikitengeneza jiko la mtu, akanitolea roboti la bati lisilo na mkono. Kumbe ana kabati zima la kioo nyumbani: maroboti, visahani vya kuruka, watu wa mwezini wenye kofia za vioo. Huviokota kwenye mabunda ya mitumba na kwenye dari za nyumba za wazungu waliohama. Alinifundisha sheria zake. Hakuna rangi mpya. Kovu libaki kovu. Na zaidi ya yote, hakuna kulehemu, yaani kuunga bati kwa risasi iliyoyeyushwa.

"Ukitia risasi kwenye bati la zamani, Mzee Makokha, umeua," aliniambia. "Afadhali uvunje."

Nikazishika sheria hizo kama mtu aliyebatizwa juzi.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa nane akaja na kitu amekifunga kwa kitambaa chake cha kanisani.

"Hii sijawahi kukuletea," akasema. "Hii ndiyo mama yao."

Akafungua. Roketi nyekundu, urefu kama mkono wangu hadi kiwiko, magurudumu matatu chini, tundu la ufunguo ubavuni. Nikaona maandishi ya njano, nikavuta kigoda nikayasogelea.

"Umeona? LOCKET 7. Roketi kwa Kizungu si inaanza na R? Hawa wameandika L. Ngige wa Nairobi, yule mkusanyaji mkubwa, anasema hakuna nyingine duniani. Na unajua kwa nini mimi najua ni ya Japani kabisa? Wajapani hawatofautishi R na L. Baba aliniambia. Alikaa nao miaka miwili."

"Ati hawatofautishi?"

"Hata kidogo."

Nikasema kumbe. Mimi ni Mbukusu wa Naitiri. Nikiongea haraka kalamu yangu inakuwa karamu, na Japani sijawahi kukanyaga.

"Springi imekwama," akaendelea. "Jumamosi kuna maonyesho Bungoma, ukumbi wa kanisa. Ngige anakuja. Baba atakaa mbele na nitasoma hotuba juu ya safari yake. Nataka itembee. Alhamisi nitaipitia, sawa? Na ukifungua, nipigie picha za ndani. Ngige anazitaka sana za ndani."

Akaenda. Nikabaki na ile roketi mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenyewe na kuambiwa ni wa jirani.

Kwa sababu niliitengeneza mimi. Webuye, mwaka wa sabini na tano, chini ya mabati mawili nyuma ya stesheni ya reli.

Siku hizo kiwanda cha karatasi kilikuwa kipya na kila mtu asiye na kwao alikuwa Webuye akibeba magogo. Mmoja wao alikuwa kijana wa huku Trans-Nzoia, Kimaiyo. Kwao walikuwa wamemfanyia harambee aende Japani kusomea mitambo. Watu waliuza ng'ombe. Walimsindikiza kwa nyimbo. Alipofika Nairobi, yule wakala aliyeshika pesa na karatasi zake hakuonekana tena, na hata ofisi yake ilikuwa imegeuka duka la viatu. Angerudi vipi nyumbani? Akaja Webuye akabeba magogo miaka miwili, na barua aliandika hapo hapo. Alizituma vipi zikafika kama za ng'ambo, hakunieleza na sikuuliza.

Siku aliyoamua kurudi alikuja kwangu.

"Nina msichana wa miaka saba," akasema. "Nilipoondoka alisema nimletee ile ndege ya mwezini. Nitengenezee kitu cha Japani, bana."

Nikachukua makopo mawili ya mafuta ya kupikia, nikayakata, nikageuza upande wenye picha uwe ndani. Springi ilitoka kwenye saa ya mezani. Maandishi niliyaandika mwenyewe kwa brashi ya nywele za punda, bila kuuliza mtu, jinsi roketi ilivyosikika masikioni mwangu. Kimaiyo alipoliona lile neno alikuwa na haraka ya kuwahi gari. Nafikiri hadithi ya Wajapani na L yao aliitunga baadaye, siku msichana alipojua kusoma.

Jumatano asubuhi nikafungua. Vikucha kumi na viwili, kimoja kikakatika. Ndani kulikuwa kama nilivyoacha. Mama mnene ameshika sufuria, anacheka, na chini yake kwa herufi za dhahabu: MAFUTA SAFI YA KUPIKIA. WEKA MAHALI PAKAVU.

Miaka hamsini, na dhahabu haijafifia hata kidogo. Kazi yangu ya nje ilikuwa imechakaa, lakini kopo lilikuwa zima.

Springi haikunisumbua, ilikuwa uchafu tu, nikausafisha. Kilichonisumbua ni yule mama na sufuria yake. Nilichukua msasa nikauweka juu ya uso wake. Nikaondoa mkono. Bati lililokwanguliwa jana linang'aa, mtu kama Ngige angelijua akiwa mlangoni. Nipake rangi? Angenusa. Nifunge tu ninyamaze? Ngige mwenyewe angefungua.

Simu ikalia. Mwalimu.

"Umeshafungua?"

"Bado."

"Si ulisema leo?"

"Kikucha kimoja kinanitisha, Mwalimu."

Huo haukuwa uongo. Nikafunga roketi kwa vikucha vilivyobaki, nikaifunika kwa gunia kana kwamba mtu akipita njiani angesikia yule mama akicheka. Mara mbili nilitoa mkoba wangu uvunguni. Hiyo ndiyo dawa yangu ya siku zote, mji ukiniletea maneno naondoka. Lakini ningeondoka na roketi ya mtu? Na nikiiacha, nimefanya nini?

Alhamisi wakaja na pikapu, saa nne. Wakaja wawili. Baba yake alikuwa amekaa mbele, mzee mrefu aliyekunjika, kofia mkononi.

"Amekataa kubaki nyumbani," Mwalimu akaniambia, amefurahi. "Ati anataka kuona fundi. Na Ngige amesema picha basi, usijali. Atafungua mwenyewe Jumamosi, mbele ya watu wote! Utakuja uone?"

"Nitakuja."

"Ngoja ninunue maziwa pale, narudi sasa hivi."

Akavuka barabara. Mzee akashuka pole pole, akaja hadi mezani pangu. Akaangalia roketi, halafu akaniangalia mimi.

"Makokha," akasema. Hakusema fundi.

"Kimaiyo."

"Bado inasema mafuta?"

"Bado. Hata yule mama bado anacheka."

Akataka kucheka pia, ikakataa.

"Mke wangu nilimzika akijua nilienda Japani," akasema. "Waliouza ng'ombe, watatu bado wako hai. Wanakuja Jumamosi. Binti yangu ameandika kurasa nne, Makokha. Ananisomea jioni, nami naitikia."

"Mwambie leo. Hapa hapa. Mimi nitasimama na wewe."

"Nimejaribu tangu akiwa darasa la tano. Nikifungua mdomo, inatoka Japani."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Akaangalia ng'ambo ya barabara. Mwalimu alikuwa anapokea chenji, anacheka na mwenye duka.

"Wewe ndiye fundi," akasema.

Chuma changu cha kulehemu kilikuwa kwenye makaa tangu asubuhi, nilikuwa na karai la jirani la kuziba. Sikufikiri sana. Ningefikiri, ningechelewa. Nikapaka dawa ya kulehemu, nikashika risasi, nikaanzia mkiani. Moshi ukapanda. Nikapita kikucha kwa kikucha, halafu kiungo chote, nene, mbaya, kama mtu anayeziba tangi la trekta. Tundu la chini, pale moto wa roketi hutokea, ambalo mtu angeweza kuchungulia kwa tochi, nalo nikalijaza.

Maziwa yalianguka kabla sijasikia sauti.

"Unafanya nini? Mzee, unafanya nini!"

"Kikucha kilikatika, Mwalimu. Nimeiimarisha. Haitafunguka tena."

"Nilikwambia nini? Siku ya kwanza nilikwambia nini?"

"Ulisema kulehemu hapana."

"Sasa?"

Nikafanya uso wa mjinga. Uso huo nimeutumia sana njiani na huwa unaaminiwa.

"Miaka minne nakuamini," akasema. "Miaka minne! Kumbe ni mtu wa majiko tu."

"Inatembea lakini," nikasema. Nikazungusha ufunguo. Roketi ikatembea mezani, krrr, ikamfikia baba yake, ikagonga tumbo lake, ikasimama.

"Mama, twende," mzee akasema taratibu. Hivyo ndivyo anavyomwita binti yake. Hakuniangalia tena.

Jumamosi nilikwenda Bungoma. Sikualikwa tena, lakini hakuna aliyenifukuza. Nikasimama nyuma karibu na mlango. Maroboti yote niliyoyatibu yalikuwa kwenye meza ndefu. Roketi ilikuwa peke yake pembeni, na kikaratasi: *Imeharibiwa wakati wa ukarabati.* Mwalimu alisoma kurasa zake nne. Wazee watatu walikaa kando ya Kimaiyo, na aliposoma pale baba anapopanda ndege, mmoja wao akapiga goti lake kwa kiganja, kama mtu anayeona ng'ombe wake akirudi.

Ngige ni mtu mdogo mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini. Alichukua roketi, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akapitisha ukucha kwenye ile risasi yangu. Akatoa kisu kidogo mfukoni. Ukumbi mzima mimi tu ndiye niliyejua ninachotazama, mimi na kofia ya Kimaiyo iliyokuwa inazunguka zunguka mikononi mwake. Ngige akajaribu pembe moja, akajaribu nyingine. Akarudisha kisu.

"Nani amefanya hii?"

Mwalimu akanionyesha kwa kidevu.

"Mzee," Ngige akaniambia kupitia vichwa vya watu, "hii ni kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Hakuna atakayeifungua bila kuirarua."

"Asante," nikasema.

Watu wakacheka. Kimaiyo hakucheka. Alikuwa ameacha kuzungusha kofia.

Mwalimu hajanisalimu tangu siku ile, na haleti kitu tena kwangu. Narekebisha majiko na makarai. Mkoba wangu nimeufunga mara tatu na mara tatu nimeufungua. Risasi yenyewe ni nzuri, itakaa, lakini Kimaiyo ana miaka themanini, na siku atakapotangulia binti yake hatakuwa na sababu tena ya kuogopa kuirarua. Atachukua mkasi wa bati. Atamkuta yule mama na sufuria yake, mahali pakavu kabisa.

Hapo atatafuta mtu wa kumuuliza. Na mimi ndiye peke yangu ninayejua kwamba yule kijana alibeba magogo miaka miwili, na siku ya kuondoka alisimama nyuma ya stesheni akinishikia taa mchana kweupe ili rangi ikauke upesi, akiniuliza kila dakika, "Atapenda lakini? Makokha, atapenda?"

Kwa hiyo niko Matisi bado. Akiuliza watu fundi wa majiko ni yupi, watamwonyesha.