Matembele ya Muheza

Kila Septemba inapoelekea ukingoni, maboga yanapopangwa kwenye vibaraza vya Bowie, huku Marekani, ili yatazamwe tu na asiwepo wa kuyala, Bi Vumilia huwa mtu mkubwa. Miezi mingine ni karani wa serikali kama makarani wengine, na foleni ya magari humtesa kama inavyowatesa wote. Lakini baridi ikianza kuchungulia, kila mwenye kibustani kuanzia Temple Hills hadi Annandale hukumbuka namba yake ya simu, kwa sababu Bi Vumilia ana matembele.

Majani yake yana rangi ya ndimu na umbo la moyo, na yakiungwa kwa karanga mtu hulamba mpaka mwiko.

"Ni ya Muheza haya," husema. "Nilikuja nayo ndani ya soksi iliyolowa. Pale uwanja wa ndege wa Dulles mbwa wa forodha alininusa, akaona huyu mama ana njaa ya kwao, akapita."

Matembele hayana ubishi na baridi. Usiku mmoja wa umande wa barafu na yameshakuwa meusi. Kwa hiyo mwenye akili hukata marando mapema, yaani vipande vya mti wake vya urefu wa kiganja, akayatia kwenye chupa ya maji dirishani, yakatoa mizizi yakingoja Mei. Na mwenye marando alikuwa mmoja. Sheria yake ilikuwa rando moja kwa mtu mmoja kwa mwaka, na marufuku kumgawia mwenzako. Mzee Ndirangu, dereva mstaafu wa basi, alipata lake baada ya kumkatia nyasi majira mawili ya joto. Makena, nesi wa Temple Hills, mwaka jana aliambiwa orodha imejaa.

Tuliseme wazi, maana watu wetu ni wepesi wa kusahau: hivyo ndivyo kila mkubwa alivyoanza. Hakuna aliyezaliwa na ufunguo wa ghala mkononi. Mtu hushika kitu ambacho wenzake wanakihitaji, akakitungia historia, kisha akawapanga foleni. Waliotupangia foleni za sukari nyumbani walikuwa na hadithi tamu kuliko ya soksi, na tuliwapigia makofi.

Haya, Jumamosi moja ya mwisho wa Septemba watu walikuwa uani kwa Bi Vumilia, sufuria iko kwenye jiko la gesi nje, jua limelegea, na maneno yanakwenda yenyewe.

"Nyanya zangu bado kijani," alisema Ndirangu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mashine ya nyasi pembeni yake. "Mwezi mzima zinaniangalia tu. Nafikiri zinangoja likizo."

"Zichume uzifunge kwenye gazeti," akasema Bi Vumilia. "Zitaiva kabatini."

"Gazeti nitatoa wapi siku hizi? Nizifunge na simu?"

"Afadhali wewe una za kijani. Mimi kunde zangu zimeliwa na paa, yule mwenye pembe moja. Anakuja saa kumi na moja jioni kama mtu anayetoka kazini."

"Huyo namjua. Kwangu hupitia kiamsha kinywa." Ndirangu, ambaye humwita Bi Vumilia kwa jina la mwanawe, akachungulia sufuria. "Lakini Mama Elieth, Mungu anaona. Kule kwetu Nyeri haya majani nilikuwa nakatia ng'ombe. Marehemu mama yangu akiniona napanga foleni ya chakula ya ng'ombe Marekani, atarudi anichape."

"Ng'ombe wenu walikuwa na akili kuliko nyinyi."

Hapo ndipo geti lilipolia na Makena akaingia, bado na viatu vya kazini, akiburuta mfuko mweusi wa takataka uliojaa mpaka mdomoni. Nyuma yake alikuja mama yake, Mama Bilha, aliyetoka Meru wiki tatu zilizopita na ambaye Marekani yote, mpaka siku hiyo, alikuwa amesifu kitu kimoja tu: bakuli la matembele alilolipata kwenye nyumba hii.

"Anti Vumi, leo hatujakuja kuomba," Makena alisema, akifungua mfuko. "Leo tumeleta. Hebu ona."

Yalimwagika juu ya meza, marando marefu kama mikanda, majani ya rangi ya ndimu, umbo la moyo.

"Niliyaona jana kule Annandale nikitoka darasani. Kuna maofisi hapo yana mapipa makubwa ya maua mlangoni. Wafanyakazi walikuwa wanang'oa haya yote wanatupa, wanapanda yale maua ya msimu wa baridi. Nikawauliza, wakanijazia mfuko. Bure. Anti, si ni yale yale yako?"

Bi Vumilia aliyatambua mara moja. Bila shaka yalikuwa yale yale. Miaka sita iliyopita, mbele ya ofisi yake mwenyewe, aliwakuta watu wakiyang'oa kwenye mapipa kama hayo. Akaokota manne, akayaficha kwenye mkoba chini ya chombo cha chakula cha mchana. Muheza iliingia baadaye, mtu alipomuuliza kanisani, naye akaona jinsi watu walivyonyamaza kumsikiliza. Hadithi ya soksi alikuwa ameisimulia mara nyingi mno, mpaka siku nyingine alikumbuka ubaridi wa maji yake.

"Yanafanana tu," alisema. "Hayo ni ya mapambo. Ya Muheza yana mshipa tofauti."

Ndirangu aliokota jani mezani, akachuma lingine kitaluni, akayaweka yote mawili kwenye kiganja. Aliyageuza. Alipomaliza, hakujua tena lipi ni la Muheza.

Mama Bilha hakungoja hukumu ya mishipa. Alikuwa ameshavuta kiti, ameshaweka beseni mapajani, anachambua. Mikono yake ilikwenda haraka kama ya mtu aliyerudishiwa kazi yake.

"Mama, usiyapike hayo," alisema Bi Vumilia.

"Kwa nini, mama?"

"Si mazuri."

Makena alisimama wima. "Anti, pole, lakini mwaka jana orodha ilijaa, nikanyamaza. Mwaka huu nimejitafutia mwenyewe, bado ni shida. Ama mtu akiyala bila ruhusa yako yanaumiza tumbo?"

Swali lile lilimkuta mahali pabaya, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Mwaka ule wa kwanza alipoyaleta nyumbani alitaka kuyala siku ileile. Mzee mmoja wa kutoka El Salvador, mmoja wa waliokuwa waking'oa, alimfuata mpaka kwenye gari. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Alimwonyesha bomba la kupulizia dawa alilobeba mgongoni, akaonyesha majani, kisha akashika tumbo lake mwenyewe na kukunja uso. Mikono yake haikuwa na glavu. Wenye majengo yale hupulizia dawa ya wadudu majira yote ya joto, wala hawaweki kibao, kwa kuwa hawajawahi kufikiria kwamba kuna mtu atakayeona chakula mlangoni kwao.

Mama Bilha alinyanyua beseni. "Hii imetosha. Maji yamechemka?"

Bi Vumilia alisogea akaizuia sufuria kwa mkono wake.

"Yamepuliziwa dawa," alisema.

"Umejuaje?" aliuliza Makena. "Ulikuwepo?"

Angeweza kusema alisoma mahali. Alimwangalia mama wa watu, miaka sabini na tatu, kidole gumba kimeshakuwa kijani.

"Nilikuwepo. Siyo Annandale, mbele ya ofisi yangu. Yangu yalitoka kwenye pipa kama hilo, na mtu anayeyapulizia ndiye aliyenionya."

Ndirangu aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Na Muheza?"

"Muheza nilitoka mimi. Majani niliyakuta hapa."

Ndirangu aliitazama mashine yake ya nyasi.

"Mama Elieth," alisema Ndirangu polepole, "mimi nimekata nyasi hapa majira mawili. Nimekata hadi kwa jirani kwa bahati mbaya. Kwa sababu ya pipa la ofisi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hiyo mashine nakuachia. Mafuta imo. Kuanzia Jumamosi ijayo mimi nitakuwa hapa kwenye ndoo, nikikuonyesha mahali umeruka."

Mama Bilha, ambaye alikuwa hajaelewa nusu ya ugomvi, alianza kucheka kwanza, akimcheka Ndirangu. Makena alijizuia, akashindwa. Bi Vumilia hakucheka, ila alivuta beseni, akamwaga majani yote kwenye pipa la taka, kisha akachukua kisu na kuanza kukata yale marando.

"Hivi," alimwambia Makena. "Toa kila jani. Osha mti, uweke kwenye maji. Majani yatakayoota ndani ya nyumba nayo utupe. Mei panda, Julai kula. Mimi nilingoja hivyohivyo."

"Moja kwa mtu?"

"Kuna mia mbili humu. Gawa kwa unayemtaka."

Makena alitazama mfuko, kisha akamtazama. "Na leo tunakula nini? Mama amekuja kwa ajili ya hiyo tu."

Bi Vumilia alitazama kitalu chake, kilichokuwa na wiki moja au mbili za kuishi. Akampa Mama Bilha beseni.

"Chumeni huku upande wa uzio," alisema. "Huko ndiko yaliko laini."