Mvua ya Novemba Kwenye Chupa za Bizari

Bwana Manish alikuwa amepima mvua ya kijiji chao cha pwani ya Uingereza kwa miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja. Mwaka huu moyo ukamsumbua, na Novemba ilipokaribia binti yake Amisha akamchukua kwake Harrow, London, apumzike. Mkewe, Poonam, akaja kwangu Woolwich, upande mwingine wa London. Tuliwahi kuwa majirani, naye ni mzaliwa wa Nakuru, kwa hiyo tunaongea Kiswahili.

"Mama Mwende, hataki kula. Analilia daftari la mvua. Mwezi mmoja ukikatika, anasema kazi yake yote imeharibika."

"Nipe ufunguo," nikamwambia. "Kupima maji ndiko kutakakonishinda?"

Kijiji kilikuwa nyumba kumi na mbili na bahari ya kijivu. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka majini ukafuta mashamba, ukafuta ua, ukabaki mlango na mimi. Nilimimina maji ya kipima mvua kwenye glasi yenye mistari, nikaandika kwenye daftari dogo la mwezi. Baada ya hapo niyamwage, ndivyo Poonam alivyoniagiza aliponipa ufunguo.

Mtu wa Kitui amwage mvua? Kwetu tulikinga hata tone la mwisho la paa. Chini ya sinki nikakuta chupa tupu za bizari, maana Poonam hatupi kitu. Mvua ya kila siku nikaitia kwenye chupa yake, nikaikaza kifuniko, nikaandika tarehe juu yake, nikaipanga dirishani. Siku kavu nilipanga chupa tupu.

Mwezi ukapita kama usingizi wa mchana. Majani yakaisha mitini. Mabata bukini wakapita juu wakipiga kelele kama wanawake waendao sokoni. Mtu nisiyemjua aliniachia kuni mlangoni, mara mbili.

Tarehe ishirini na sita ikaja dhoruba. Nilikuwa naandikia nje, nisije nikasahau hesabu, upepo ukaninyang'anya daftari ukalitupa mtaroni. Nilipolitoa, wino wote ulikuwa umeyeyuka. Nikakaa jikoni na daftari mapajani, nikifikiria nitamwambia nini mgonjwa.

Jua likachomoza kidogo. Dirisha zima la chupa likang'aa.

Mwezi ulipokwisha nilizifunga chupa kwa leso zangu, nikazipakia kwenye kikapu cha magurudumu pamoja na ile glasi. Kwenye treni mama mmoja alikishika kikapu kwa mguu wake kila tulipopinda, wala hakuniuliza kina nini.

Harrow nilimkuta Bwana Manish kitandani, amekonda.

"Daftari limeharibika," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeliharibu. Lakini mvua nimekuja nayo."

Akaziangalia chupa, kisha akamwangalia mkewe. "Poonam, huyu amekuja na mvua kwenye treni?"

"Si ulitaka mvua? Kaa vizuri."

Akakaa. Akapima moja moja, Poonam akiandika. Chumba kikanukia bizari kidogo.

"Ya tarehe tisa haina kitu."

"Haikunyesha."

Akaigeuzageuza ile chupa tupu, akatabasamu. "Sifuri. Andika."

Walipofika tarehe thelathini aliomba supu. Poonam akainua beseni walimokuwa wakimimina maji yaliyokwisha kupimwa, akaelekea nalo jikoni.

"Unakwenda kuyamwaga?" Bwana Manish akamuuliza.

Poonam akasimama mlangoni, akaniangalia mimi.

"Yarudishe kwenye chupa," mzee akasema. "Miaka yote hii nimemwaga tu."