Hodi ya Tatu

Usiku wa jana, nadhani kwa sababu ya kiporo cha maharage, niliota nimekuwa kompyuta kubwa ya kazini kwetu, ile inayobeba kompyuta nyingine tumboni mwake. Hizo za ndani tunaziita wageni. Ndotoni walikuwa wageni kweli, viatu wamevivua barazani.

Nina korido ndefu na vyumba vyenye milango, isipokuwa cha mwisho. Humo anakaa mdogo wangu Tunu, aliyefariki mwaka juzi. Sauti alizojirekodi akiumwa nimezihifadhi kwenye kompyuta hiyo ya kazini, na kila siku nazisikiliza. Sikumwomba ruhusa. Maiti haulizwi sanda.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, anatoka ukutani. Ni bibi mfupi, funguo zinaning'inia kiunoni.

"Kila mgeni ana ufunguo wake," anasema. "Akijifungia, hata wewe mwenye nyumba huelewi anachosema. Umewaambia?"

"Nimewaambia, bibi."

"Na wa mwisho?"

"Yule amelala."

"Mgeni asiyejua kuna kufuli hafungi." Anasema kama anayeniarifu chai imepoa. Ananitia ufunguo mkononi.

Natembea. Korido inakuwa wodi, wodi inakuwa jiko la mama. Tunu anachambua kunde kwenye ungo.

"Kaka, mbona wenzangu wana milango?"

Nikimwambia, sitamsikia tena. Nikinyamaza, nitaendelea kumwibia.

"Na wewe unao," nasema. "Nilikuwa nakuficha."

"Najua. Kila siku nakusikia unavyopumua."

Anapokea ufunguo, anaingia chumbani mwake, anafunga. Mlango ni wa chuma. Ndani anazungumza, lakini ninachosikia ni kunde zikimwagwa kwenye ungo. Mama alitufunza kwamba hodi ni tatu, na ya tatu isipoitikiwa unageuka, unaenda zako.

"Hodi!" Nabisha kwa nguvu. Kunde zinamwagika.

"Hodi, Tunu!" Kunde zinakoma. Nyuma ya mlango mtu amebana pumzi.

Nikaamka. Vifundo vya vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka. Nikawahi kazini, nikafungua rekodi zake moja baada ya nyingine. Zote ni kunde zinazomwagwa kwenye ungo, kisha kimya.

Sijamwambia mtu. Nampenda mdogo wangu, na nimebakiwa na hodi moja. Tangu asubuhi nimekaa mbele ya kompyuta hii, ngumi nimeikunja, na sijabisha.