Kipimo cha Maziwa Kwenye Maji ya Chumvi

Mwanamke ambaye sikuwa nimewahi kumwona aligonga geti la shangazi yangu, mtaa wa Section 58, amekumbatia ndoo yenye kifuniko. Alisema anaitwa Mitchelle, ametoka Elburgon, na kwamba kwenye kikundi cha WhatsApp cha wafugaji wa samaki wa mapambo kuna mtu aliyemwelekeza kwa Fancy, yaani mimi, msichana aliyesomea mambo ya maji. Ndani ya ndoo samaki wawili wa baharini walikuwa wakihema kwa shida. Wenzao wote walikuwa wamekufa wiki hiyo.

Niliihakiki refraktomita yangu, kifaa cha kupimia chumvi, kwa maji maalumu ya kipimo, nikaitia tone kutoka kwenye ndoo, nikachungulia nikielekea mwangani. Maji ya bahari husoma gramu thelathini na tano za chumvi kwa kilo. Yake yalisoma arobaini.

Nilimuuliza yeye hupima na nini. Akatoa mkobani mrija wa kioo wenye kitako kizito. Aliyemuuzia alimwambia autumbukize majini; ukisimama kwenye ishirini na sita chumvi iko sawa, ukisoma chini ya hapo aongeze. Naye akawa anaongeza.

Niliutambua kabla sijaushika. Mama yangu huuza maziwa Olenguruone, na karani wa kituo cha maziwa huutumbukiza mrija kama ule kwenye mtungi wake kuona kama ametia maji. Ni laktomita. Nilibandua utepe mweusi uliozungushwa juu yake. Chini pakaonekana maandishi: maziwa, nyuzi ishirini. Elburgon kuna baridi, kwa hiyo Mitchelle alikuwa ameweka hita kwenye nyuzi ishirini na nane. Maji ya joto ni mepesi, mrija huzama zaidi, namba inashuka. Ikishuka anatia chumvi. Aliwaua samaki wake kwa kutii maagizo.

Kuna mtu alikaa chini na mkasi, akakata utepe, akaficha neno lile. Nilimwambia Mitchelle kwamba tutaenda dukani na nitasema huu ni mrija wa nini, mbele ya mwenye duka na wateja wake. Nikamwahidi. Ndipo nikauliza duka ni la nani.

"La Jerry," akasema.

Jumatatu nilikuwa naanza kazi kwa Jerry, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Tuliwaongezea samaki maji safi yasiyo na chumvi kidogo kidogo, kwa sababu kushusha chumvi ghafla kungewamaliza, tukamwachia shangazi aendelee. Kabla ya hapo nilikuwa nimechota maji ya ndoo, mengine nikayatia kwenye chupa ya plastiki yapoe. Mengine niliyapasha hadi nyuzi ishirini na nane, nikayafunga kwenye chupa ya chai.

Dukani, Jerry aliponiona alicheka, akauliza kama nimeipenda kazi hivyo. Alipouona mrija bila utepe alinivuta nyuma ya matangi. Alisema aliununua mzigo wa mirija hiyo kwa kituo cha maziwa kilichofungwa, na kwamba maji ni maji.

"Nani amelalamika?" aliuliza. "Samaki?"

Nilimwambia samaki hawalalamiki, wanakufa. Akasema imebaki michache, nimwache aimalize, baadaye nitaagiza vipimo ninavyotaka. Nikifungua mdomo, Jumatatu sina kazi.

Mitchelle alikuwa amesikia. Akanishika kiwiko. "Wacha, dada. Hawa wawili umeniokolea. Kazi ni ngumu kupata."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kabisa. Aliyedhulumiwa ndiye aliyekuwa akimwombea mwenye kosa.

Kwenye kaunta mzee mmoja alikuwa ameshika mrija wenye utepe mweusi, akitafuta pochi.

"Mzee, usilipe kwanza," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Hiki ni kipimo cha maziwa."

Niliomba glasi mbili, nikautumbukiza mrija katika kila moja. Maji ya chupa ya chai yakasoma ishirini na sita. Yaliyopoa, ya ndoo ile ile, yakapita ishirini na nane. Mzee akavaa miwani, akainama.

Nyuma yangu Jerry akaniambia Jumatatu nisijisumbue. Nilimsogezea mzee glasi ya pili, asome mwenyewe.