Picha Iliyoziba Taa

Oswaldi ni mtu ambaye hanunui gunia la maharage bila kuzamisha mkono mpaka kwapani, atoe yale ya chini kabisa ayanuse. Mahindi anayang'ata kusikia kama yamekauka. Mbuzi atamfungua mdomo, atamwinua mkia, na mwenye mbuzi atasimangwa mpaka ajute kumleta mnadani. Lakini gari, chombo cha kubeba roho za watu, alilipokea kama anapokea komunyo: macho chini, amina, basi. Hilo ndilo lililomchoma Fransiska mkewe, na mimi ninayesimulia linanichoma hadi leo.

Sababu yake ni hii. Gari lilikuwa la Marselino. Marselino, au Baba Timoth kama wanavyomwita, ni mwenyekiti wa jumuiya yao ya kanisa pale Sumbawanga mjini, na mkewe Gaudiosa ndiye mama wa ubatizo wa Anjela, binti wa kwanza wa Oswaldi na Fransiska. Sasa kwa watu wetu, mliyesimama naye kwenye kisima cha ubatizo humkagui. Ukifungua boneti mbele yake umeshamwita mwizi, tena umemwita mbele ya Mungu. Oswaldi aliuza ng'ombe wake wa kulimia, akampa Marselino chake, wakashikana mikono, wakanywa togwa. Kumwita fundi alitazame? Thubutu. Kulilalia chini mwenyewe? Angeonekana hana adabu.

"Nimelitunza kama mboni ya jicho," Marselino alimwambia. "Na humo ndani Mama Maria anatangulia."

Akamwonyesha picha ya Bikira Maria aliyoibandika kwenye dashibodi, juu ya kioo cha mshale wa spidi, upande wa kulia. Oswaldi akafanya ishara ya msalaba. Mambo yakaishia hapo.

Jumamosi mchana Fransiska alikuwa analiosha hilo gari. Kesho yake baada ya misa lilitakiwa libarikiwe, kisha lianze safari yake ya kwanza, kumpeleka Anjela na kichanga chake kwa mumewe, huko Muze. Anjela alikuwa amekuja kujifungulia kwa mama yake, uzazi ukaenda salama, sasa anarudi kwake. Na mtu anayekwenda Muze kutoka huku juu, akishapita Ntendo, anauteremka mlima mzima kuingia bondeni, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande wa pili hewa tupu. Huko hakuna anayeteremka kwa ujanja wala kwa uzoefu. Unateremka kwa breki.

Akiwa anasuuza tairi la mbele akaona tone. Akalifuta, likaja jingine. Akaligusa, akalinusa, halikuwa maji, wala halikuwa mafuta ya injini. Akaingia ndani, akawasha gari, akashusha handibreki mpaka chini. Pembeni mwa vazi la bluu la Bikira Maria akaona wekundu unachungulia. Chini ya picha kulikuwa na taa ya breki, na handibreki ikiwa chini bado ilikuwa inawaka. Fransiska hakubandua kitu. Mkono ulifika pale, ukarudi wenyewe. Nani Ufipa hii atamkwangua Mama wa Mungu kwa kucha?

Lakini Fransiska ana duka la kutoa nakala karibu na stendi, na kutafuta vitu mtandaoni ndiyo kazi inayomlisha. Alichukua namba ya chesisi kwenye kibati, akaiingiza kwenye ukurasa wa hao hao waliolitengeneza gari. Ukurasa ulikuwa wa Kijapani. Simu ikautafsiri kwa Kiswahili kilichovunjika mbavu, ila maana ilifika. Magari ya kundi hilo yalikuwa yameitwa yarudishwe kutengenezwa. Paipu ya breki kwenye tairi la mbele hupasuka na kuvuja, na siku mafuta yakiisha utakanyaga pedeli ifike chini bila gari kusimama. Kubadilisha ni bure. Lisiendeshwe kabla halijatengenezwa. Na gari lenye namba ile halikuwahi kupelekwa.

Jioni akamwambia mumewe. "Baba Anjela, gari hili limeitwa na waliolitengeneza, halikwenda. Breki zake si nzima."

"Limeitwa?" Oswaldi akacheka. "Limeanza lini kuwa na masikio?"

"Usinifanyie mzaha. Paipu inavuja, nimeiona kwa macho yangu. Taa inawaka chini ya picha."

"Vijitone tu hivyo. Hata ng'ombe anakojoa."

"Basi twende kwa Baba Timoth tukamuulize."

Hapo mzaha ukakatika. "Nikamuulize mwenyekiti kama ameniuzia jeneza? Mtu ambaye mke wake alimshika mtoto wako siku ya ubatizo?" Kisha akahamia kwenye Kifipa, na Oswaldi akishaanza kumsemesha mkewe Kifipa kwa sauti ile, ujue mazungumzo yamekwisha. Ufunguo wa gari akalala nao mfukoni. Fransiska akamwendea Anjela, naye Anjela akamjibu kwa upole kwamba mama yake wa ubatizo hawezi kukubali jambo kama hilo lipite nyumbani kwake. Basi mwanamke akabaki peke yake na hasira zake, zimemjaa mpaka shingoni, na ndani ya nyumba ile alikuwa yeye tu anayeona kwamba mtoto wake na mjukuu wake wanapelekwa kufa kwa heshima.

Jumapili palikuwa na upepo ule wa baridi wa kiangazi unaopenya mpaka kwenye mifupa. Misa ikaisha. Padri akalizunguka gari, akalinyunyizia maji ya baraka, akapanda pikipiki yake akawahi kigango kingine. Akina mama wakaanza kuimba. Anjela akakaa kiti cha nyuma, kichanga amekifunga kifuani kwa mbeleko. Oswaldi kwenye usukani, amevaa koti la harusi. Marselino amesimama kando, anapokea shukrani kama vile gari alilitoa sadaka.

Fransiska akaja na kisu cha kumenyea viazi. Akafungua mlango wa dereva, akainama juu ya mapaja ya mumewe, akaibandua picha kuanzia pembeni, taratibu, isichanike. Akaibusu, akampa Anjela aishike. Injini ilikuwa inaunguruma, handibreki iko chini, na taa nyekundu ya breki ikawatazama wote.

Nyimbo zilikatika. Usidhani zilikatika kwa sababu ya taa. Zilikatika kwa sababu ya picha. Cornelia, kiongozi wa kwaya, akashika kichwa. "Mama Anjela, umepatwa na nini?"

"Umemwondoa Mama wa Mungu mahali pake," Marselino akasema, kwa sauti yake ya kuongozea sala.

"Nimemwondoa kwenye kazi uliyompa wewe, ya kukufichia taa. Ulijua, Baba Timoth?"

"Hizo taa zina wazimu wake. Ni waya tu."

"Na mafuta yanayodondoka pale chini nayo ni waya?"

"Fransiska," Oswaldi akasema. Hakumwita Mama Anjela. "Toka hapo, unaniaibisha." Na watu wakaitikia, wewe mama toka, usilete mkosi siku ya baraka. Ndiyo watu wetu hao. Mwenye kuficha wanamwonea huruma, mwenye kufichua wanamwambia ana mkosi. Fransiska akajitoa mlangoni, kisu bado mkononi.

Ndipo Gaudiosa akatoka katikati ya akina mama. Alikuwa ameumia kweli, machozi yako karibu. "Mama Anjela, tumetoka mbali mimi na wewe," akasema. "Mume wangu hajawahi kumuuzia mtu kitu kibovu, na sitakubali aitwe mwongo kanisani. Ninakwenda nao. Nitampakata mjukuu wangu mpaka Muze, na nikirudi utaniomba radhi."

Akapanda nyuma, akamchukua mtoto kwa Anjela, akamlaza mapajani, akafunga mlango. Oswaldi akaingiza gia.

Gari halijasogea hata hatua tatu, Marselino akawa ameshaufikia mlango na kuukamata.

"Mama Timoth, shuka."

"Nimeshakaa, Baba Timoth."

"Nimesema shuka. Una presha, kule bondeni kuna joto."

"Joto gani? Mimi nimezaliwa Muze."

"Kuna kikao cha jumuiya mchana."

"Kikao chako hicho. Mimi nina safari."

Marselino akatazama huku na huku. Watu walikuwa wamesogea, hakuna aliyekuwa anaimba. Aliinama karibu na kioo, na sauti ya kuongozea sala ikamtoka yote, ikabaki sauti ya mwanamume anayeogopa.

"Gaudiosa, mke wangu, nakuomba. Usiende na gari hili."

Oswaldi akazima injini. Akabaki ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele, na jasho likamtoka katika baridi ile. Fransiska alikuwa ameingoja saa hii tangu jana, na alikuwa amejiandalia maneno ya kumvua Marselino nguo mbele ya parokia nzima. Ilipofika, hakuyasema. Hasira ilikuwa imekua ikayapita maneno, na tena aliona kuwa aliyekuwa na haki ya kusema kwanza ni mwingine.

Gaudiosa alimtazama mumewe. Akamtazama mtoto aliyelala mapajani pake. Akamgeukia Anjela aliyekaa ubavuni kwake, kisha akarudisha macho kwa mumewe.

"Na hawa?" akasema. "Huyu niliyemshika mimi kwenye kisima, na huyu mtoto wake, ungewaacha waende?"

 Mkono wa Marselino ulikuwa bado umeukamata mlango, ule wa upande aliokaa mkewe.