Kitambaa cha Mlango wa Viganjasafi

Katika nchi ya Viganjasafi, iliyotulia kati ya mto Rehema usiokauka na mlima Adhama usiovuliwa wingu lake, watu hawakusalimiana kwa kupeana mikono. Waliinyoosha na kuionyesha, kila mmoja akitazama kiganja cha mwenzake kabla hajamtazama uso. Kiganja laini kilikuwa nasaba, kilikuwa elimu, kilikuwa posa iliyokwisha kukubaliwa. Kiganja chenye sugu kilikuwa fedheha ya ukoo mzima. Neno kulima halikutamkwa mezani. Chakula kilisemwa kwamba kimefika, na baba wa nyumba aliinamisha kichwa akaomba, "Tunakushukuru, Mola, kwa hiki kilichofika," kana kwamba mahindi huteremka mbinguni yakiwa yameshapukuchuliwa.

Lakini ada iliyozidi ada zote ilikuwa ya mlango wa kanisa. Hapo alisimama Bwana Nadhifu, bawabu wa nyumba ya Mungu, na mkononi mwake kitambaa cheupe. Kila aliyefika alipanguswa viganja. Kitambaa kikibaki cheupe, aliingia. Kikishika rangi, aliketi nje ukumbini akaimba kupitia dirishani. Na sababu ilijulikana kwa mkubwa na mdogo: Mungu aliilaani ardhi siku ya kosa la Adamu ikazaa miiba, basi anayeishika ardhi ameishika laana.

Huko ukumbini ndiko alikoketi mjane Bi. Pandaheri, ambaye shamba lake la mbaazi na mihogo lilikuwa ng'ambo ya mto. Alikwisha kujisugua kwa limau, kwa majivu, kwa mchanga wa Rehema, wapi! Udongo ulikuwa umeingia kwenye nyufa za viganja ukafanya makao. Hakulalamika, dirisha lilimtosha. Ila bintiye alipofariki akamwachia kitoto kichanga, jina lake Mche, dirisha halikumtosha tena. Kwa maana sheria ya nchi ilisema hivi: mtoto hubatizwa ndani, na mikono inayomshika kwenye birika la ubatizo ndiyo itakayomlea.

Siku ya ubatizo Bwana Nadhifu akampangusa, na kitambaa kikatoka na rangi ya tuta lililonyeshewa. Papo hapo akajitokeza Bi. Marashi, mwanamke wa cheo, ambaye viganja vyake vililala kwenye mafuta kila usiku.

"Nipe mtoto, dada yangu," akasema. "Usimpake laana angali mdogo."

"Nikupe? Kwani huyu ni kikapu cha mihogo, mnachokipokea kwa mlango wa nyuma?"

Watu wa ukumbini wakacheka, wa ndani wakaguna, na shauri likapelekwa palepale kwa mwamuzi wa nchi, Mheshimiwa Mazoea, mtu mwadilifu ambaye hakuwahi kuuliza jambo lililokwisha kujibiwa na babu yake.

"Mama," akasema, "kitambaa kimechafuka au hakikuchafuka?"

"Kimechafuka, Mheshimiwa."

"Sasa unabisha nini?"

"Sibishi. Naomba nisomewe Maandiko kabla hujanichukulia mjukuu wangu."

"Laana ya ardhi husomwa hapa kila msimu!"

"Hiyo nimeisikia dirishani mpaka nimeikariri, tena ni kweli, miiba naing'oa mwenyewe. Naomba nisomewe kilichotangulia."

"Kwani kuna kilichotangulia?" akadakia Bi. Marashi. "Anataka tu jua lituchwee hapa."

Mheshimiwa Mazoea akasita, kwa maana katika nchi ile usomaji ulianzia kwenye laana tangu enzi na enzi, na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyeamua hivyo. Akafunua kurasa zilizotangulia. Akaanza kwa sauti yake ya hukumu, kubwa na kavu. Akasoma jinsi Mungu alivyotwaa udongo akamuumba mtu. Jinsi alivyopanda bustani, Yeye mwenyewe. Jinsi alivyomweka mtu humo ailime na kuitunza. Nyoka hajaja. Kosa halijatendeka. Chozi halijadondoka duniani, na kazi ya shamba ipo.

Sauti ikamshuka. Akasoma tena, safari hii kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye.

"Nilikuwa nahisi," akasema Bi. Pandaheri polepole. "Alfajiri nikiwa nimepiga magoti kwenye mbaazi, zile zinazochomoza, huhisi kuna Mtu ametangulia kupita kwenye tuta. Sikuthubutu kumtaja."

Bwana Nadhifu alikuwa akikitazama kitambaa chake. "Mheshimiwa," akasema, "siku ile aliyomfinyanga Adamu, kama Yeye angefika mlangoni pangu, ningemwambiaje?"

Mheshimiwa Mazoea akayafunga Maandiko.

"Ungemwambia aketi nje," akajibu. "Na sisi tungeingia ndani kumsifu."

Akashuka kitini. Bi. Marashi, ambaye mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, akairudisha taratibu kifuani na kuitazama kama mali ya mtu mwingine. Bi. Pandaheri akavuka kizingiti kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akamshika Mche kwenye birika, na maji yakageuka rangi kidogo, hakuna aliyeyamwaga. Bwana Nadhifu akamfunika mtoto kwa kitambaa kilekile, na alama za viganja vya bibi yake zikabaki hapo. Hazikufuliwa kamwe.

Kesho yake, ukungu ukiwa bado juu ya Rehema, Mheshimiwa Mazoea alifika shambani peke yake. Mpakani akasimama, akainama, akavua viatu.

"Vaa viatu, Mheshimiwa!" akaita Bi. Pandaheri, mtoto mgongoni. "Humu mna miiba."

"Miiba naijua, mama. Nimeisoma maisha yangu yote," akasema, akakanyaga.