Masikio ya Dukani

Taa ya kijani kwenye kikasha cha masikio ilikuwa imezimika tangu jana jioni, lakini Fundi Saa aliendelea kukibonyeza kwa kidole gumba, kana kwamba umeme ni mtoto wa kubembelezwa. Mtaa mzima haukuwa na umeme, siku ya pili hiyo. Mashine zenyewe za kusikia zilikuwa masikioni mwake, zikimalizia chaji ya mwisho. Mkewe aliziita masikio ya dukani. Ya Mungu yamechoka, alikuwa akimtania, na haya ya kununua nayo yanataka kulishwa kila usiku.

Basi siku hiyo hiyo ndiyo watoto waliyochagua kufanya kikao. Kifunguamimba, binti yake aliyekuwa muuguzi katika mji wa mbali, alikuja na kitindamimba, kijana wa kiume mwenye gari. Waliketi sebuleni, mlango wa chumbani ukaachwa wazi ili mama yao naye asikie. Kiharusi kilikuwa kimempiga miezi mitano nyuma na kumwachia upande mmoja tu wa mwili. Binti aliuliza hali, akauliza usingizi, akasema wamekuja kwa jambo la mama. Hapo masikio yakalia vimlio vitatu vya kuaga, na kimya kikaingia.

Angesema. Neno moja tu, subirini, lingetosha. Lakini nani asiyejua jinsi uziwi unavyowachosha wenye masikio? Mwezi uliopita alimwomba kijana wake arudie jambo mara ya tatu, kijana akapaza sauti hadi majirani wakachungulia, kisha akasema basi Baba, si muhimu. Hilo "si muhimu" lilimkaa kooni mpaka leo. Mtu aliyetambua ugonjwa wa saa kwa miaka arobaini kwa kuiweka sikioni tu, leo arudiwe maneno kama mtoto wa chekechea? Hata kidogo. Tena alijua, au alidhani anajua, kikao kilihusu nini. Wiki nzima kwenye simu walikuwa wakizungumzia bafu: kuvunja kizingiti, kuweka vyuma vya kushikilia ukutani, ili mama yao aoge bila kubebwa. Ukarabati huo alikuwa ameulilia tangu mwanzo.

Kwa hiyo akatazama midomo ikicheza, akawa anaitikia kwa kichwa kila ilipotulia. Binti alizungumza kwa muda mrefu. Alionyesha chumbani, akaonyesha barabarani, akahesabu kitu kwa vidole. Mwishowe wote wawili wakamgeukia na kungoja, naye akatoa neno la mwenye nyumba, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia mwenyewe:

"Fanyeni haraka. Mimi mwenyewe nilitaka jambo hili lifanyike zamani, ni nguvu tu sina."

Binti akaushika mkono wake, akaubusu, akalia. Fundi Saa alishangaa. Bafu tu hilo, mwanangu! Lakini alijua machozi ya binti yake yako karibu siku zote, akampigapiga begani.

Kitindamimba akamwonyesha kwa ishara kwamba atamchajia masikio yake garini. Akayachukua pamoja na kikasha, akakichomeka na kuwasha injini. Mzee alibaki akiangalia watu wakipita mbele yake bila sauti. Aliona binti akitoa nguo za mama yake kabatini, akizikunja, akizipanga kwenye begi. Alidhani wanamhamishia chumba cha pili ili vumbi la saruji lisimfikie. Kisha akaona dawa zikiingia begini, na juu yake kabrasha la hospitali lenye vyeti vyote. Nani anafunga vyeti vya hospitali kwa ajili ya kuhamia chumba cha pili?

Baada ya nusu saa kikasha kikarudi. Aliyavaa masikio, na cha kwanza kusikia ni sauti ya binti yake akiongea kwenye simu. Alikuwa akimwambia mtu kwamba ndiyo, wanamleta Mama leo, kitanda kitandikwe. Baba amekubali. Yeye atabaki hapa, kwangu hapawatoshi wawili.

"Mimi sikusikia," alisema Fundi Saa.

Akawaeleza yote, kuzimika kwa masikio, kuitikia kwake, bafu. Watoto wakatazamana, ule mtazamo ambao watoto wakubwa hutazamana juu ya kichwa cha mzazi. Kijana akasema kwa upole kwamba Baba alijibu, tena kwa maneno marefu. Binti hakubishana. Alichuchumaa mbele yake, akazungumza polepole. Kule yuko mtaalamu wa mazoezi, mara tatu kwa wiki. Mama anaweza kushika kijiko tena, pengine hata kusimama, lakini miezi ikizidi kupita mwili utakataa. Na hapa, Baba, nani atamgeuza usiku?

Asubuhi hiyo Fundi Saa alijaribu kumgeuza peke yake, wakakaribia kuanguka wote wawili, na mkewe akalala kwenye shuka bichi saa nzima mpaka jirani alipokuja. Aliinuka, akaenda chumbani.

"Miezi mitatu nimewakatalia," mkewe alisema, mdomo ukivutwa upande. "Niliwaambia siendi popote, baba yenu hatakubali abadani. Halafu nakusikia kwa masikio yangu: fanyeni haraka."

"Nilidhani ni bafu."

Mkewe akacheka, kwa nusu ya uso iliyobaki na kicheko. "Bafu," akasema. Fundi Saa naye akacheka, na kucheka huko kulimuuma kuliko kilio.

"Haya, sasa unasikia," mkewe akasema. "Niambie nibaki, nitabaki. Hawa watoto nitawamudu mimi."

Alisikia kila kitu. Alisikia injini ikinguruma nje, bomba likidondosha maji, pumzi za mkewe zikimngoja. Neno lilikuwa mdomoni. Akilitoa, mkewe atabaki, na hatashika kijiko tena. Akisema nenda, atakuwa amemfukuza mara ya pili, safari hii akiwa anasikia. Aliitazama mikono yake, mikono iliyowahi kupachika kamani ya saa, nyembamba kuliko unywele, na leo haiwezi kumgeuza mtu kitandani.

Akapeleka kidole sikioni, akatikisa kichwa, akafungua kiganja kitupu. Mashine zimezima.

Mkewe aliamini. Nusu saa ya chaji ya garini, ingefika wapi? Binti aliingia na viatu vya mama yake mkononi, akauliza kama wamemaliza kuagana.

"Twende," mama akajibu. "Hasikii."

Kisha akamgeukia mumewe, akatabasamu ili asije akausoma uso wake, akasema taratibu:

"Naogopa, mume wangu. Naogopa kufa wewe hupo."

Fundi Saa aliendelea kumtazama kwa uso wa mtu asiyesikia. Akapokea kiatu mkononi mwa binti yake, akapiga magoti, akaanza kumvalisha.